Firigisi ya Baba Wambui

Jumapili baba mkwe alikuja Ruiru kutoka Gatuanyaga, mara yake ya kwanza tangu tumzike mume wangu. Nilimpikia kuku wa kienyeji, mchuzi mzito wa nyanya, tangawizi na dania.

Mzee akapekua sahani akitafuta kipande chake cha heshima. "Mama Wambui, kuku wa Ruiru hawana firigisi siku hizi?"

Kwa aibu nikampigia simu mama aliyeniuzia, nikamwita mwizi mbele ya wote.

Binti yangu Wambui akaenda kabatini kuchukua chumvi, akarudi na kibakuli kilichofunikwa. Firigisi ilikuwa humo. Nilikuwa nimemwekea baba yake, kama kila Jumapili.

Simu bado ilikuwa sikioni.

"Muombe msamaha kwanza," mzee akasema polepole, "halafu uniletee ya mwanangu."