Namba Isiyokufa

Nikinusa zafarani iliyolowekwa kwenye marashi ya waridi, roho hunichafuka. Arusini huwakwepa wenye mirashi ya kunyunyizia wageni, na mashangazi huninong'oneza kama nina mimba. Sina. Nina kinyaa tu, tena cha tangu utotoni, kwetu Mambrui.

Mdogo wangu Athmani alishikwa na homa iliyokataa kushuka. Mama alitaka kumpeleka hospitali Malindi, lakini mwenye neno nyumbani alikuwa nyanya, mamake baba, naye akamwita fundi mmoja wa kombe, mgeni mjini. Kombe tulilolijua sisi ni aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Huyu hakuandika aya. Aliandika namba: 142857.

Alisema hii ni namba isiyokufa. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani kando ya mama, simu yake mkononi, na fundi akaniamuru niizidishe kwa mbili. Ikaja 285714. Kwa tatu, 428571. Tarakimu ni zilezile, zimebadilishana viti tu. Ikawa hivyo mpaka sita, na kusema kweli nilisisimka. Fundi akasema Athmani naye akiinywa atarudi vilevile alivyokuwa, na nyanya akajifuta machozi.

Kisha akamimina maji kwenye sahani, akayakoroga kwa kidole. Kidole chenyewe kilikuwa kimetoka kukuna kidonda mguuni, na ukucha wake ulikuwa mrefu, mweusi kwa uchafu. Maji yakageuka manjano. Juu yake kikaelea kigaga. Nilitaka kutapika palepale mkekani.

Ili nisiitazame ile sahani, niliinamia simu nikazidisha kwa saba.

"Nyanya, imekuja tisa tupu," nikasema, nikamwonyesha: 999999.

Fundi hakutahayari. Alisema saba haizidishwi, saba ni ya makaburini. Nyanya aliinua sahani taratibu, akamsogezea.

"Kunywa wewe mwanzo, fundi."

Akajibu kwamba amefunga. Ndevu zake zilikuwa bado na chembe za mkate wa sinia aliokula kwetu.

Nyanya akaenda kuyamwaga yale maji uani, akamwambia mama ampeleke mtoto Malindi. Damu ilipopimwa, ikawa ni malaria. Akatibiwa, akapona.

Sekondari nilikuja kujua kwamba ukigawanya moja kwa saba, tarakimu zile hutoka nyuma ya nukta, zikajirudia bila kikomo. Ukizidisha kwa saba unairudia ile moja uliyoigawanya, na moja ni sawa na tisa zisizoisha nyuma ya nukta, ndiyo maana tisa hujipanga. Namba haikuwa na hatia yoyote. Uchafu wote ulikuwa wa yule mtu, na nilimchukia yeye peke yake kwa miaka mingi.

Juzi nilimwuliza mama angefanyaje kama ile saba nayo ingerudisha tarakimu zilezile. Alikuwa akichambua mchele, wala hakuinua uso.

"Ningemnywesha mdogo wako, mwanangu. Nyanyako alikuwa ameshasema."

Siku ile mkekani nilidhani tuko wawili tusioitaka ile sahani, mimi na mama.