Tangi la Kumi na Mbili

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, tunamwita Pua, na jina hilo nilimpa mimi. Alikuwa akiingia dukani kwangu, ninakouza vipuri vya magari, na kabla hata hajanisalimu ameshajua kwamba nimebadilisha sabuni ya kufulia, au kwamba kuna kopo la mafuta ya breki linavuja kwenye rafu ya chini. "Shemeji, una panya amekufa nyuma ya kabati," aliniambia siku moja mbele ya wateja. Nilimpasha, akacheka mpaka akakohoa. Jioni nilivuta kabati, na panya nikamkuta.

Kazi yake ni kusafisha matangi ya mafuta ya magari ya zamani. Gari likikaa miaka bila kutembea, tangi linaota kutu kwa ndani. Kutu inashuka na petroli, inaziba chujio, na gari linazima kila likikuta kilima. Watu watakwambia nunua tangi jipya. Kwa gari linalolingana umri na mwenyewe, tangi jipya utalitoa wapi? Ndiyo maana wanakuja kwa Pua, kwenye gereji inayopakana ukuta kwa ukuta na duka langu.

Namna yake haibadiliki. Analishusha tangi kwa jeki, anamwaga mafuta yaliyooza, kisha anatia ndani nati thelathini na mnyororo wa baiskeli. Nati anazihesabu zikiingia na zikitoka, kwa sababu moja ikibaki itagonga humo ndani na kumtia mwenye gari wazimu. Analilaza tangi juu ya tairi kuukuu na kulitikisa huku na huku mpaka jasho linamtoka kiunoni. Maji ya kwanza hutoka mekundu, ya pili rangi ya chai ya rangi, ya tatu unaweza kuyatazama kwa matumaini. Halafu anajaza siki, analiacha siku mbili, analisuuza kwa sabuni na maji ya moto, analianika juani.

Kama kutu imetoboa bati, tangi linapelekwa kwa fundi wa kuchomelea kwenye kona ya gereji. Huyo ni mkwe wake Pua, mume wa binti yake wa kwanza, kijana mpole asiyeinua sauti hata nyundo ikimwangukia mguuni. Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Mvuke wa petroli ukibaki ndani ya tangi, moto ukaugusa, humkusanyi mtu. Kwa hiyo pale gereji pana desturi yao: mchomeleaji hawashi moto mpaka Pua ainame, aweke pua kwenye mdomo wa tangi, afumbe macho, kisha aseme, "Limelala." Hakuna mwingine anayenusa. Ya nini, na Pua yupo? Hili ndilo kosa letu sote, na mimi najihesabu humo, maana nilikuwa nikiwatania wateja kwamba hata moto wenyewe humwomba shemeji ruhusa.

Basi akaja mwalimu mmoja mstaafu na gari lake dogo la kijivu, lililolala uani kwake miaka sita chini ya turubai. Lilivutwa kwa kamba. Pua alilishughulikia tangi lake kwa siku nne, akalijaza maji, akaona yanadondoka sehemu tatu kwenye mshono, akaweka alama kwa chaki. Siku ya tano, saa nne asubuhi hivi, akalibeba kwenda kwa mkwe wake.

Mimi nilikuwa napita na gasketi ya geji ya mafuta aliyoniagiza. Nikamsikia mkwe akiuliza kwa adabu yake ile, "Baba, tunasemaje?"

Pua akainama. Akafumba macho.

"Limelala. Washa."

Nilikuwa bado hatua tatu nyuma yao harufu iliponipiga. Petroli. Si ya kubahatisha, petroli kabisa, ile ya kukutoa machozi. Mkwe alikuwa ameshashusha miwani usoni na kiberiti kiko mkononi.

"Weka chini!" nilipiga ukelele. Gasketi iliniponyoka. "Weka kiberiti chini, mwanangu, weka!"

Akaweka. Pua akanigeukia amekunja uso.

"Shemeji, rudi dukani kwako."

"Sirudi. Nusa tena."

"Nimeshanusa."

"Nusa tena, nimekwambia!"

Akanusa tena, tena kwa madaha, ili nione haya. "Hamna kitu," akasema. Mkwe wake akatutazama sisi wawili, akavua miwani, akasogea. Sikuwa nimewahi kumwona akiinama kwenye tangi kabla ya siku hiyo. Aliinama mara moja tu, akarudi nyuma kama aliyezabwa kofi.

Nikakumbuka maneno ya dada yangu wiki ile. Alinisimulia huku akicheka kwamba mumewe kanywa maziwa yaliyochacha, akamaliza glasi, akaomba nyingine. Nami nilicheka. Mbumbumbu mimi, nilicheka.

"Tangu lini?" nikamuuliza. Sauti ilikuwa imenishuka yenyewe.

Alijikaza kisabuni kwa muda. Alifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Kisha akasema, "Tangu ile homa."

Ile homa ilikuwa miezi saba nyuma. Alilala wiki mbili, akapona, sote tukashukuru. Kumbe alipona kila kitu isipokuwa pua, akanyamaza na kuendelea na kazi. Alikuwa anahesabu maji. Alijiambia suuza sita zinatosha, basi suuza sita zikawa ndiyo pua yake. Kwa matangi mengine zilitosha. Hili la mwalimu lilikuwa na ukuta wa bati katikati, na nyuma yake mafuta yaliganda kama lami. Jua lilipoyapasha moto, yakaanza kupumua.

Mkwe wake alikaa juu ya tairi. Aliuliza bila kumtazama, "Baba, ni matangi mangapi?"

"Kumi na moja. Hili la kumi na mbili."

Mkwe hamfokei baba mkwe, na kijana yule hakufoka. Mimi si mkwe wake. Damu ilinichemka, nikamwaga yote. Nilimwambia anakufa na tai shingoni, na afe peke yake basi, asimwachie binti yake ujane kwa sababu anaona haya kusema pua haifanyi kazi. Nilimwambia mara kumi na moja amempa mtoto wa watu moto na kumwambia washa. Mafundi wengine walikuwa wameacha spana zao, wanasikiliza. Sikujali.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Sikumwacha peke yake, shemeji."

"Unasemaje?"

"Muulize nani alikuwa anashika tangi."

Sikuelewa. Mkwe ndiye aliyeelewa, nikaona uso wake ukibadilika. Akaniambia polepole, "Mama mdogo, ni kweli. Zamani baba alikuwa akishasema, anaondoka, anaendelea na kazi zake. Tangu augue, kila tangi analishika mwenyewe. Analikumbatia kabisa. Nilidhani ananionea huruma, kwamba nahangaika kulishikilia."

"Nilisema likiwaka, tusitengane," Pua akasema. "Nilikuwa naogopa, shemeji. Kila mara. Lakini kuwaambia mniondoe kwenye kazi pekee ninayoijua, hilo niliogopa zaidi."

Ningependa kusema nilimkumbatia, lakini nilimwambia tu ni mjinga, mjinga wa kwanza na wa mwisho, na nikarudi dukani nikalia nyuma ya boksi za plagi.

Siku mbili zilizofuata hawakusemezana. Lakini walifanya kazi. Walilikata tangi kwa msumeno wa mkono, mkwe akilimwagia maji bila kukoma, wakaukwangua ule ukuta wa katikati, wakasuuza mpaka nikaacha kuhesabu. Mkwe alininusisha mimi, akanusa yeye, akawanusisha mafundi wawili. Kisha akalijaza maji hadi karibu na mshono, jambo ambalo tungelifanya tangu zamani kama tungekuwa na akili.

Pua akasogea, akakunja mikono ya shati, akapiga magoti kulishika tangi kama alivyozoea.

"Hapana, baba," mkwe akasema.

"Litayumba."

"Nimelifunga kwa waya. Simama kule na mama mdogo."

"Mwanangu, niache nilishike."

"Baba." Kijana alikuwa ameshikilia miwani mkononi, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiinua sauti. "Nikifa mimi, nani atamtunza binti yako? Simama kule."

Pua akainuka, akaja akasimama kando yangu, mikono yake haijui pa kwenda. Moto ulipowaka nilisikia akihema. Akanishika kiganja kwa nguvu hadi vidole vikaniuma, na hakuniachia mpaka kijana alipozima gesi na kuvua miwani.