Wifi Yangu na Chupa za Maabara

Mdomo wangu naujua mwenyewe, haulali. Miaka kumi na tisa nimemwita mke wa kaka yangu Profesa wa Sabuni, naye ananijibu, "Wifi, wivu utakumaliza." Kazi yake ni kuosha chupa za maabara pale chuoni. Anasuuza kila chupa mara saba, kisha anaziinua dirishani moja moja. Maji yakitanda kwenye kioo sawasawa, chupa ni safi. Yakisimama matone matone, inarudi kwenye beseni. Nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma. Makeke yote hayo, kisa vyombo!

Mwaka huu wanafunzi watano walitengeneza bakteria wanaogeuka wekundu wakikutana na maji yenye madini ya risasi. Wazo zuri, ila bakteria wenyewe kila wakiwekwa kwenye chupa wanakufa. Zilipobaki wiki tatu kabla ya mashindano ya sayansi ya vyuo, msimamizi wao akawaambia watafute mradi mwingine. Kiongozi wa timu, msichana mmoja mrefu, akaketi kwenye ngazi analia. Wifi alikuwa anapita na kapu la chupa zao. Akasimama, akainua moja dirishani. Matone.

"Nani kaosha hizi?"

Kumbe wao wenyewe! Waliona wifi anawachelewesha na kusuuza kwake, wakaziosha kwa sabuni ya jikoni, wakasuuza mara moja tu, haraka haraka. Sabuni iliyobaki ndani ndiyo iliyokuwa inawaua bakteria. Wifi aliwasema mpaka wakanywea, kisha akawapanga wote watano kwenye sinki, chupa mia moja na arobaini. Siku nne baadaye bakteria walikuwa hai, na kwenye maji yenye risasi wekundu kweli kweli.

Sasa, wifi ana siri moja ambayo alinipa mimi tu. Kila mwaka wanafunzi wakimaliza ripoti zao, anafungua ukurasa wa shukrani. Wameshukuriwa walimu, fundi wa kompyuta, hata mlinzi aliyewafungulia mlango. Yeye hayumo. "Safari hii labda nitakuwemo, wifi," akaniambia.

Siku ya mashindano tukakaa ukumbini safu ya nyuma, yeye kavaa gauni lake la harusi za watu. Sheria yao ni kwamba kila timu isome shukrani jukwaani na kueleza nani alifanya nini. Msichana akasoma. Msimamizi aliwafundisha kupanga vinasaba. Mwalimu wa hesabu alikagua vipimo vyao. Wenzao wa chuo cha pili waliwapa bakteria wa kuanzia. Skrini ikajaa, ukurasa ukaisha, watu wakaanza kupiga makofi. Wifi akainama, akawa anafunga mkoba wake ambao haukuwa wazi.

Jamani, damu ilinichemka! Nikasimama.

"Na aliyewaoshea chupa je?"

Ukumbi mzima ukageuka. Wifi akanivuta gauni, "Kaa chini, unaniaibisha!" Msichana kule jukwaani akacheka.

"Mama, tulia. Kuna ukurasa mwingine."

Ukaja. Ulikuwa na picha moja tu, ya wifi dirishani na chupa mkononi, na chini yake maneno: "Alitufundisha kuosha chupa. Bila yeye mradi huu ungekufa." Wakamwita mbele. Jaji akampa kipaza sauti, hakukipokea. Akachukua chupa kwenye meza yao, akaitia maji, akayamwaga, akaiinua kwenye taa.

"Hii wameosha vizuri," akasema.

Watu wote wakasimama. Timu ikatoka ya kwanza, na mimi sauti ikanikauka kwa kupiga kelele, "Huyo wifi yangu! Huyo!"

Jioni ile kwa kaka nikamkataza asiguse kitu. Vyombo vyote nikaosha mimi. Akaja nyuma yangu, akachukua glasi moja, akaiinua dirishani.

"Rudia, wifi."

Nikarudia, mara saba, kisha nikaiinua dirishani mwenyewe.