Habari za Shamba ni Njema

Jumanne nilikuwa kwa chifu, Utange, nikingoja barua yangu. Kwenye meza ya pili, afisa wa kilimo alikuwa akiandikisha wakulima waliopata hasara ya ukame. Ni mtu wa bara, lakini Pwani imeshamfunza adabu: hamwandiki mtu kabla hajamwamkia.

"Shikamoo, mama. Habari za shamba?"

"Marahaba, mwanangu. Njema."

"Na mahindi je?"

"Twamshukuru Mungu."

Kalamu ikasimama hewani. Fomu ilitaka hasara, na mama huyu, leso kaikaza kiunoni, hakuwa na hasara hata moja. Afisa akajikuna shingo, kisha akauliza kwa upole, "Unga unaopika sasa unatoka wapi?"

"Dukani, tangu Pasaka."

"Na pesa za kuununua?"

"Niliuza mbuzi."

"Wangapi?"

"Wote. Lakini wenyewe ni wazima huko waliko, twashukuru."

Hapo afisa akainama, akaandika kwa muda mrefu. Ndivyo tulivyo sisi. Ukituuliza hali, tunakujibu salamu. Atakaye kujua ukame umetufanyia nini asituulize habari, aende akachungulie zizi.

Mama alinyanyuka kuondoka, kisha akageuka. "Na kwenu bara, mvua ipo?"

"Kwetu ni salama tu, mama."

Mama akaketi tena. Akaushika mkono wa afisa kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mwanangu. Nyinyi mwauza mbuzi au ng'ombe?"