Kioo cha Mbele ya Lensi

Nianze na kioo chenyewe, maana wengi hawakijui. Ni duara la kioo chembamba lenye pete ya chuma, unalizungusha mbele ya lensi ya kamera kama kifuniko cha chupa. Madukani wanaita filta ya UV. Aliyeniuzia alisema inazuia mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, ile inayofanya mlima wa mbali utoke kwenye picha umefifia. Sitaki kumsingizia. Labda kwa kamera za zamani ni kweli. Mimi nimeupiga Mlima Hanang mara nyingi, filta ikiwepo na isipokuwepo, na tofauti sikuiona. Lakini mimi ni mtu wa darasa la saba, huenda asiyeona ni mimi.

Niliifunga kwa ajili ya vumbi. Kwetu ni Getanuwas, na kiangazi ng'ombe wakipita kwenda majini hewa yote inakuwa unga. Filta ikichubuka unatafuta nyingine, lensi ikichubuka kazi imekwisha. Nilipohamia Mbulu mjini kufungua studio, vumbi lile nililiacha huko chini, ila filta nikaja nayo. Huku juu ni ukungu na mvua. Sikuwahi kujiuliza inanilinda na nini.

Mjini nina miaka mingi na watu wengi wananijua kwa kazi. Kunijua kwa kazi si kunijua mimi. Mke wangu alirudi kwao zamani, na kwa haki yake niseme hakuondoka bila sababu. Jioni nikishafunga mlango sisemi neno mpaka asubuhi mteja wa kwanza aje, na wakati mwingine sauti inatoka imekwaruza.

Basi, kulikuwa na wazee wawili wa Endagikot waliofanya jubilei ya ndoa yao kanisani. Niliitwa kupiga picha. Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani na umeme haukuwepo, mle ndani kulikuwa na mwanga wa mishumaa sita tu, juu ya altare. Niliwasimamisha wazee mbele ya altare nikapiga. Nyumbani, kwenye kompyuta, nikaona miali midogo ya kijani imeelea sehemu ya chini ya picha, vichwa chini. Mmoja ulikuwa umetua kifuani kwa bibi, mahali pa moyo.

Nilijua ni nini. Mwanga ukiwa mkali na mahali pana giza, filta inaurudisha ndani, mshumaa mmoja unatoka mara mbili. Nilipaswa kuufuta ule mwali. Nilikuwa na picha nyingi za kumaliza, nikaiacha ile hivyo hivyo.

Wiki chache baadaye bibi akafariki.

Mzee alikuja studio siku ya mnada, fimbo mkononi, picha imefungwa kwenye gazeti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akaifungua picha. "Huu mwanga, wewe uliuona siku ile?"

"Sikuuona, mzee. Nilikuja kuuona kwenye picha."

Kila neno lilikuwa kweli, na jibu zima lilikuwa uongo. Nimelirudia kichwani mara nyingi na sijapata njia ya kulitetea.

Akakaa. Akaniambia ule mwanga ulikuja kumwandaa mkewe, na kwamba tangu auone analala vizuri. Kisha akaniambia habari za bibi: alivyokuwa akigombana na kuku, alivyokuwa akificha mahindi ya mbegu ili yeye asiyauze. Aliondoka jua limeshapinda.

Mnada uliofuata akaja tena. Na uliofuata. Nikaanza kupika chai asubuhi ya siku hizo. Yeye ni Mwiraqw, mimi ni Mdatoga, zamani wazee wetu hawakukaa kwenye benchi moja. Tuliongea Kiswahili, kila mmoja na cha kwao.

"Wewe mtu wa ng'ombe," alinitania, "hii ni chai au unanyonyesha ndama?"

"Mzee, nyie mkiona maziwa mnafikiri ni dawa, mnaweka kijiko kimoja."

Alicheka hadi akakohoa. Nilikuwa sijamchekesha mtu muda mrefu.

Kila alipokuja, picha ilikuja naye. Nilisema moyoni, nikimwambia ni filta, atakuja kufanya nini tena hapa? Hapo ndipo nilipojua kwamba simfichi kwa ajili ya usingizi wake. Namficha kwa ajili yangu.

Siku moja akafika amefurahi. Wanajumuiya walikuwa wameomba wapelekewe ile picha, asimame nayo mbele yao na kueleza. "Na wewe utakuja," akasema, "useme ulivyoipiga."

Nikafunga mlango na dirisha, mchana ule ule, nikawasha mshumaa juu ya stuli. Nikapiga. Nikamwonyesha: mshumaa, na chini yake mwali wa kijani, kichwa chini. Nikafungua filta, nikapiga tena. Mshumaa peke yake.

"Irudishe," akasema.

Nikairudisha. Mwali ukarudi.

"Itoe."

Nikaitoa. Akaziangalia zile picha nyuma ya kamera, moja baada ya nyingine.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya picha, mzee."

Hakugomba. Angegomba ningepata la kujibu. Alichukua ile filta kutoka mkononi mwangu, akaifunga kwenye leso, akaitia mfukoni. Picha akaichukua pia. Chai aliiacha.

Mnada uliofuata hakuja. Nilijiambia ni mvua, na kweli mvua ilikuwepo. Uliofuata hapakuwa na mvua. Nilimwona ng'ambo ya barabara, akainua fimbo kunisalimia, akapita. Nilipika chai minada mitatu na kuimwaga. Nilikuwa nikiwaza kwamba ameshaniacha, na kwamba ni haki yake. Sikuwaza zaidi ya hapo. Kesi niliihukumu na kuimaliza peke yangu, ndani ya chumba.

Mwisho nikaenda Endagikot kwa miguu. Nilimkuta nje anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umechelewa." Hakuinua macho. "Wewe ndiye uliyenikosea. Ulitaka mimi nikufuate tena? Kwenu huko aliyekosewa ndiye anayepiga hodi?"

"Hapana, mzee. Hata kwetu ni aliyekosa."

"Sasa ulikuwa unangoja nini?"

Nikasema naomba msamaha, nikakaribia kueleza tena mambo ya filta, akanikatiza.

"Kwenye jumuiya nilienda. Nikawaambia ni kioo. Kuna waliocheka." Akaokota gunzi akalitupa pembeni. "Sasa silali vizuri. Nakwambia ili ujue. Sijasema nimefurahi kukuona. Nimesema umechelewa. Kaa."

Nikakaa. Akanisukumia rundo la mahindi, nikaanza kupukuchua. Ndani, mlango ukiwa wazi, niliiona picha ukutani, mwali bado uko kifuani. Hakuitoa, na mimi sikuuliza kwa nini.

Baada ya muda akaingiza mkono mfukoni, akatoa leso.

"Chukua. Utakwenda kwenu kule kwenye vumbi, kamera iharibike, useme ni mimi."

Nikaipokea. Ilikuwa na alama za vidole vyake pande zote mbili. Tuliendelea kupukuchua, yeye amenipa ubavu, hadi baridi ikashuka na ikanibidi niondoke. Hakusema kama atakuja mnada ujao. Nilitaka kumuuliza, nikaona si haki yangu, nikasema nitarudi mimi.

"Mahindi bado ni mengi," akasema.