Spiriti Kwenye Maji ya Uso

Wateja walimwita Mikono Laini, na watu hawakukauka mlangoni pa saluni yake ya chumba kimoja. Kilichowavuta zaidi ni maji ya uso aliyochanganya mwenyewe: maji ya waridi, gliserini kidogo, na spiriti. Ukipaka, uso unapoa na mafuta yanakatika papo hapo. Walipenda ule mchomo. Waliposema haukolei, yeye aliongeza spiriti.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye ngozi kavu tangu utotoni. Naye akataka chupa, akapewa.

Wiki ya pili alirudi mashavu yamepauka, pembeni mwa pua pamepasuka kama tope lililopigwa jua.

"Wifi, yananichoma mpaka machozi."

"Vumilia. Ngozi ya zamani ndiyo inatoka."

Mikono Laini alijua anadanganya. Uso wake mwenyewe aliupaka mafuta ya nazi tu. Lakini saluni ilikuwa imejaa, na masikio yote yako wazi.

Mwalimu akavumilia mwezi mzima, hadi wanafunzi walipoanza kumwita Magamba. Ndipo akaenda kwa daktari wa ngozi, Mikono Laini akimsindikiza.

Daktari alinusa chupa. "Spiriti hii. Si kila alkoholi ni adui. Zipo za mafuta, zinalainisha. Hii inakausha na kubomoa kinga ya ngozi, hasa iliyo kavu. Nani alikupa?"

"Nilinunua kwa mchuuzi wa kupita," mwalimu akajibu bila kupepesa.

Heri angemtukana, Mikono Laini aliwaza.

"Ni mimi," akasema. "Nilichanganya mimi. Na aliponiambia yanamchoma, nikamwambia avumilie."

Nje, walipofika kona, mwalimu akasimama.

"Nilikufichia siri kwa ajili ya kaka yangu," akasema. "Si kwa ajili yako."

Kesho yake Mikono Laini alifunga saluni, akapita nyumba kwa nyumba kuomba chupa zirudishwe. Wengine walimcheka: "Mbona mimi yananipenda?" Mmoja alimfungia mlango.

Miezi mitatu ilipopita, uso wa mwalimu ukapona, ila likabaki baka jeusi chini ya jicho. Mikono Laini humpelekea mafuta mazito yasiyo na manukato, kama daktari alivyoagiza. Mwalimu huyapokea, hushukuru kwa adabu, kisha huenda kujipaka mwenyewe chumbani, mlango ukiwa umefungwa.