Mnyama Aliyechagua Mahali Pake

Nilitoka katika ile nyumba ya mtaa wa Shari, mjini Bunia, asubuhi na mapema, mfuko mmoja mgongoni, bila kujua naelekea upande gani. Mlinzi alinifungulia lango. Barabarani mwenye pikipiki akaniita, "Tunaenda wapi, mukubwa?"

"Twende kwanza, nitakuambia."

"Mafuta yangu haijui kwanza. Sema mahali."

Nikamwambia anipeleke kule malori yanakopakia. Lori la kwanza kuwasha injini lilikuwa la kwenda Mambasa, kule msituni, nikapanda juu ya magunia ya saruji. Lingekuwa la Mahagi, ningekwenda Mahagi.

Nimeondoka mahali pengi. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari kwa sababu nilichoka kuambiwa mambo ambayo ningeweza kwenda kuyaona mwenyewe. Nimechimba dhahabu, nimetengeneza simu, nimeuza sabuni kwa miguu, na kila mara niliondoka kwa moyo mwepesi. Safari hii niliondoka na uchungu wa mnyama asiye na macho wala mfupa.

Mwenye nyumba alikuwa mnunuzi wa dhahabu. Katika hoteli moja ya Kampala aliona tangi la kioo lenye samaki wa baharini na matumbawe hai, akataka lake. Mafundi wakaja nalo kwa lori, wakalifunga sebuleni, wakakaa siku nne, wakarudi kwao. Mimi niliitwa kutengeneza waya wa jenereta. Nilipita mbele ya kioo kile, nikasimama, nikasahau jenereta.

"Unajua hii kazi?" patron akaniuliza, maana ndivyo tulivyomwita tajiri huyo.

"Hapana, patron. Lakini nitaijua."

Akanipa chumba nyuma ya jikoni. Nilisoma usiku na mchana kwenye simu, Kifaransa kwa shida, Kiingereza kwa kutafsiriwa na mashine. Bahari yenyewe sijawahi kuiona hata leo, ila nilikuwa naitengeneza kwenye ndoo: maji yaliyochujwa mara tatu, chumvi iliyotoka Dubai kupitia Uganda, na kipimo chenye sindano inayosema chumvi imetosha au bado. Nikikosea kidogo tu, matumbawe yananuna siku tatu.

Katikati ya matumbawe aliishi anemoni. Mgeni akimwona husema ni ua. Ana mguu mmoja mnene unaonyonya jiwe, na juu yake vidole mamia, rangi ya chai ya maziwa, ncha za zambarau. Lakini ua halili. Yeye nilimlisha kwa kibano vipande vya samaki vidogo kama punje za mahindi. Vidole vilijikunja, mdomo ukafunguka katikati, kipande kikapotea. Vidole hivyo vinachoma samaki mwingine yeyote, isipokuwa wale wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, waliojilaza ndani yake kama kwenye blanketi.

Na anatembea. Hilo ndilo lililonishinda kuamini. Mafundi walimweka mbele, uso kwa uso na makochi. Baada ya wiki moja alikuwa amesogea kiganja kimoja, kisha viwili, hadi akafika nyuma ya jiwe kubwa, upande wa ukutani, akatulia. Nilisoma kwamba ndivyo alivyo: anatafuta mkondo na mwanga unaomfaa, na akipata haondoki tena. Nilisoma pia kwamba ukimbandua kwa nguvu mguu unapasuka, mguu ukipasuka unaoza, na katika maji yaliyofungiwa uozo wa mmoja ni kifo cha wote.

Kumwona ulilazimika kuchuchumaa karibu na pazia. Nilichuchumaa pale kila siku, miezi minane. Sijawahi kukaa miezi minane mahali popote.

Kisha ikafika siku ya kupokea mahari ya binti mkubwa. Wiki moja kabla, dada yake patron alipanda kutoka ufukweni mwa ziwa, upande wa Mahagi, kuongoza mambo, maana ni haki ya shangazi. Ni mfanyabiashara wa samaki wakavu. Alilitazama tangi kwa jicho la kazi yake.

"Samaki yote hii, na haitoke hata mboga ya mutu moja."

Sote tukacheka. Baadaye akaanza kukagua nyumba. Kwa ukoo wao, siku ya mahari hakifichwi kitu. Mlango wa jikoni unaachwa wazi, sufuria hazifunikwi, hata mgonjwa wa nyumbani anatolewa barazani, ili wakwe wasije kusema binti naye ana jambo lililofichwa. Akazunguka tangi polepole, akainama.

"Na ile iko nyuma pale?"

"Ni anemoni, mama. Amechagua pale."

"Amechagua! Mu nyumba ya kaka yangu? Hata miye walinichagulia kitanda. Atawapa wageni mugongo? Umulete mbele."

Nilikwenda kwa patron. Alinisikiliza huku akitazama simu yake.

"Patron, tukimutoa atakufa."

"Umutoe polepole."

"Hata polepole. Mguu itapasuka."

"Mudogo, weye ndiyo ulisema utaijua hii kazi. Kama imekushinda, niite mwingine."

Nimeacha kazi kwa maneno madogo kuliko hayo. Nimewahi kumwachia bosi koleo mkononi kwa sababu alinipigia mluzi. Lakini mara hii nilitaka kubaki. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ninachokijua ambacho watu hawakijui, na chumba, na sababu ya kuamka. Kwa hiyo nikasema, "Sawa, patron."

Siku mbili nilijaribu kumshawishi anemoni asogee mwenyewe. Nilimzibia mwanga kwa kadibodi, nikamgeuzia pampu impulize. Akazidi kuingia chini ya jiwe. Siku moja kabla ya wageni nilizima pampu, nikakunja mkono wa shati, nikapitisha ukucha chini ya mguu wake. Hakukuwa na sauti. Nilihisi tu kwenye kucha, kama unapobandua ganda la ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nikamweka juu ya jiwe la mbele. Shangazi akapiga makofi. "Sasa iko mutu!"

Kesho yake asubuhi maji yalikuwa na ukungu. Wakwe walipoketi yalikuwa kama maji ya kuoshea mchele, na harufu imeanza. Samaki wa chungwa walikuwa bado wanajisugua kwenye vidole vilivyolegea. Mzee mmoja wa upande wa wakwe akanusa, akauliza, "Munapika nini?"

Shangazi akatoka upesi, akarudi na kitenge kipya, akalifunika tangi lote.

Katika nyumba ambamo hata sufuria ya maharage ilikaa wazi, kitu kimoja tu kilikuwa kimefunikwa, na ndicho kila mtu alichokitazama.

"Na mule chini mumeficha nini, shemeji?" mzee akasema.

"Ni maji iko inakunywa dawa!" shangazi akajibu.

Wakacheka, wakala, wakacheza. Mahari ikapokelewa. Hakuna aliyesema binti ana jambo. Wageni hawakuwa wamekuja kutazama tangi. Wangekunywa bia yao mbele ya kioo kitupu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Walipoondoka niliinua kitenge. Hakuna kilichobaki hai. Nilikuwa natoa samaki kwa bakuli shangazi alipokuja kusimama karibu yangu.

"Ulijua itakufa?"

"Nilijua, mama. Nilimwambia patron."

"Uliambia, kisha ukafanya. Miye mutu akiniambia nianike samaki mu mvua, ninakatala. Juu ya nini haukukatala?"

Nikatoa samaki aliyefuata. Patron naye hakunifukuza. Alisimama mlangoni, ameziba pua. "Osha kioo, mudogo. Tutaweka tilapia. Hiyo haina mambo."

Nikaosha kioo hadi kikang'aa. Ndipo nikafunga mfuko.

Mambasa tulifika jua linaegemea, nywele zangu nyeupe kwa saruji. Karibu na mahali lori liliposimama palikuwa na mama anayepangisha vyumba vya mbao. Akanitazama kichwa hadi miguu.

"Unatoka wapi?"

"Bunia."

"Na kule umekimbia nini? Vijana ya mufuko moja wanakimbiaka kitu."

"Niliua, mama."

Mkono wake ukaganda juu ya funguo. "Mutu?"

"Hapana. Mnyama wa baharini."

"Bahari iko Bunia?"

"Ilikuwako."

"Alikuuma?"

"Hapana. Waliniomba tu."

Akatoa ufunguo kwenye msumari. "Hapa kwangu, nikikuomba kitu mubaya, unikatalie. Umesikia?"

"Ndiyo, mama," nikajibu, upesi, kama nilivyomwambia patron sawa, nikaingiza mfuko ndani.